Nyumba ya Walioacha Pombe

Jumapili, 4 Agosti 1912
Loisi ameondoka. Amerudi kwao Haneti na mabakuli yetu yote mazuri. Sababu: juzi jioni nilimfukuza baba yake zizini kwa fimbo, nikidhani ni fisi. Pombe ya mtama ilikuwa imeniharibu macho. Mzee Matonya, maskini, alikuja kututembelea tu, akapita kuangalia ndama. Leo ametuma neno. Nikiacha pombe, na Mwalimu Kefa wa Zuzu akaenda Haneti kulithibitisha kwa kinywa chake, mke atarudi. La sivyo atanirudishia ng'ombe wa mahari, na ndoa imekwisha. Nampenda Loisi. Basi naacha. Kazi ndogo!

Jumatatu, 5 Agosti
Mimi ni karani wa mizigo hapa stesheni ya Dodoma. Baada ya kazi nilimwendea Halfani, Mrangi mwenye duka la chumvi, maana hanywi. Nikamwuliza anawezaje. Akasema hajawahi kuonja. Hana msaada wowote! Ila aliniambia kwamba Mwalimu Kefa hukusanya walioacha pombe kila Jumatano kule Zuzu. Wanaketi, kila mtu anasimulia yake, wanatiana moyo. Kusimulia naweza sana.

Jumatano, 7 Agosti
Zuzu, kwa miguu. Nikakuta watu wameketi duara, kimya, kwa heshima kabisa. Nikawaamkia, nikaketi. Kumbe sio wenyewe! Niligundua kibuyu kiliponifikia. Kumkatalia mzee kibuyu mbele ya watu ni utovu wa adabu, na mimi nimelelewa. Kikao cha kweli kilikuwa nje ya nyumba ya tatu kutoka pale. Sikufika.

Jumatano, 14 Agosti
Nimefika! Wanakaa juani, hawana nyumba. Mwalimu Kefa ni mpole, hata akikuonya unataka kumshukuru. Seremala mmoja, Sostenes, alisimulia jinsi pombe ilivyomtupa kisimani akalala humo. Watu wakalia. Zamu yangu ilipofika, habari ya baba mkwe ikaonekana ndogo, nikaongeza kwamba nililala pangoni na fisi mwenyewe. Wakalia zaidi. Sostenes akainuka tena, akakumbuka kwamba kisimani mlikuwa na chatu. Mwongo yule!

Nikamwomba Mwalimu aende Haneti. Akasema kwanza aone nitawatendea nini wenzangu. Sostenes akadakia kwamba yeye atawajengea nyumba ya kikao, peke yake, mti mmoja mmoja. Nikasimama nikatangaza kuwa Jumatano ijayo nyumba itakuwa imekwisha. Sostenes alinywea. Raha niliyoipata!

Jumamosi, 17 Agosti
Nimezunguka mji mzima kuomba watu waje kujenga. Wote wamekubali. Wote wameuliza pombe iko wapi. Ni haki yao. Tangu lini mtu akabeba udongo wa mwenzake na koo kavu? Nimewaza sana. Wajenzi sio wanachama. Wanachama sio wanywaji. Kwa hiyo kosa halipo popote! Zipora, mpika pombe hodari kuliko wote upande huu, ana kimea tayari. Nimempa koti langu la stesheni, naye atapika mitungi saba.

Jumatano, 21 Agosti
Umati! Wanaume na miti, wanawake na maji, udongo unaruka. Kufikia adhuhuri nyumba imesimama, na paa juu. Sostenes alikuja na shoka lake, akakosa hata kijiti cha kukata. Nilijiona bwana mkubwa.

Mitungi ikaletwa. Hapo desturi ikanibana. Mwenye kazi ndiye anayeonja kwanza, watu wajue haina sumu. Mwenye kazi ni nani? Mimi! Nikaonja. Lakini mtungi wa kwanza hauwezi kuutolea ushahidi mtungi wa pili. Nikaonja yote. Wanachama nao walikuwa wamebeba udongo, na aliyebeba udongo hanyimwi. Sostenes alionja kunipita. Hata hapo alitaka kushinda.

Tulikuwa ndani ya nyumba mpya, tunaimba, Mwalimu Kefa alipoingia. Kumbe habari za ujenzi zilimfurahisha, akaenda Haneti kunisemea bila hata kuniambia. Nyuma yake alikuwa Loisi, mzigo wake kichwani.

Alinitazama, akaitazama kata mkononi mwangu, akageuka. Nilimwita. Mwalimu akaniambia taratibu nimwache aende. Iliniuma. Mpaka sasa inaniuma.

Jumamosi, 24 Agosti
Ng'ombe wamerudi. Wote, hata yule aliyevunjika pembe. Mzee Matonya amewaswaga mwenyewe, amewaingiza zizini, hakunisalimia. Nimeketi nao tangu asubuhi. Ndani hakuendeki, kila kona inanikumbusha Loisi. Nimelia. Ng'ombe waliendelea kula.

Lakini nimepata wazo! Mwenye ng'ombe anaweza kuposa. Nitamposa Loisi upya, kwa heshima zote. Kinachotakiwa ni wazee wenye maneno matamu wa kunitangulia Haneti. Nimeshawaona wawili. Wako tayari leo hii, ila wamesema safari ni ndefu na koo la msemaji lazima lilainishwe kabla ya kuondoka. Wana haki. Kesho nampelekea Zipora viatu vyangu.

Mimi mwenyewe sitakunywa. Nimekoma kabisa. Nitaonja tu.