Kilio cha Mlango wa Mkuu wa Kitivo

Tegeni masikio, enyi mliojaliwa masikio mawili mkayatumia kuning'inizia miwani, mpate habari za siku ile Bi Sikio, mhadhiri wa muziki, mtunzi asiyegusa ngoma wala zeze, mwindaji wa milio, alipoupigania mlango.

Miaka ishirini alinasa mikoromo ya majokofu na vilio vya mabomba, akavitunga vikawa muziki, wenzake wakamcheka, na mama yake mzazi akamuuliza kila Jumapili, "Mwanangu, wimbo wenyewe unaanza lini?" Sasa kamati ya kupandisha vyeo ingekaa kesho kuusikiliza utunzi wake mkuu, nao umepungukiwa sauti moja tu: mlio wa mlango wa mkuu wa kitivo, uanzao kama paka aliyekanyagwa mkia na kuishia kama mbuzi aliyenyeshewa.

Akapanda ngazi, kinasa sauti kifuani kama ngao, maikrofoni mkononi kama mkuki. Lahaula! Mlangoni amesimama fundi, mfalme wa bawaba, na kopo la mafuta limekwisha inamishwa.

"Zuia mkono wako, ewe fundi!"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, lakini usitie! Tone moja tu, nawe umeua!"

"Nimeua nini tena? Mkuu kasema huu mlango unamtia aibu mbele ya wageni. Mimi natumwa tu."

"Milango mingi hulia. Huu unaimba. Nipe pumzi tatu, kisha uuzike."

Fundi akamtazama kama mtu atazamaye homa ya mwenziwe. Hata hivyo akaweka kopo chini. "Haya. Niufungue taratibu, au kwa hasira?"

Swali hilo hakuna profesa aliyepata kumuuliza. "Taratibu," akanong'ona. "Kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani, hataki mkewe ajue."

"Hapo umefika kwa mwenyewe," fundi akasema, akavuta.

Mlio wa mlango ukapanda, ukatetemeka. Mara simu ya katibu wa mkuu ikalia, ikaharibu yote. Bi Sikio akafumba macho kwa uchungu. Ndipo fundi alipogeuka, akanguruma hadi ukumbi ukaganda: "Zimeni simu! Watu wako kazini hapa!"

Akavuta tena. Sekunde saba, safi kama maji ya mtungi.

Fundi akaomba avae masikioni visikizi vya kile kinasa sauti. Akasikiliza, akasikiliza tena, akavivua polepole.

"Mwalimu, ghorofa ya pili kuna dirisha. Hilo ukilisikia, utalia."

Uprofesa aliupata juma lile lile, lakini hayo ni mambo ya makaratasi. Ninyi waandishi wa tarehe, chovyeni kalamu zenu muandike: saa nne na robo asubuhi, wapenzi wa muziki wa Bi Sikio, ambao hadi hapo walikuwa yeye mwenyewe, walifika wawili.