Diski ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei
Laptop ya mama mkwe imechoka. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuoga ukarudi. Mwanyumba wangu, yule aliyemuoa dada mkubwa wa mke wangu, akashauri ipelekwe kwa fundi. Mtu anayepiga pasi hadi suruali ya kulalia! Nikamwahi: fundi wa nini na mimi nipo? Ni kubadilisha diski na kupiga windows upya, basi. Mama mkwe akasita. Humo mna sauti za marehemu baba mkwe, alizojirekodi akisimulia mambo yake. Huzisikiliza kila asubuhi akinywa chai. Akauliza kama hazitapotea. Nikamwambia hata kikohozi chake kitabaki.

Jumanne, 7 Mei
Sauti zote nimeziweka kwenye flashi. Salama salimini. Diski mpya imeingia kama imezaliwa humo. Skrubu mbili zimebaki nje. Hao waliotengeneza laptop wana ufujaji. Diski ya zamani nimeivunja kwa nyundo nipate sumaku yake. Inashika funguo zangu ukutani barabara! Mke wangu akauliza kwa nini sikungoja kwanza. Nikamwambia asinitie nuksi.

Jumatano, 8 Mei
Kumbe windows nayo inataka flashi. Ninayo moja tu. Programu ikauliza: kila kilichomo kitafutwa, niendelee? Maswali ya kompyuta huwa siyasomi, nabonyeza Ndiyo. Nikabonyeza Ndiyo. Windows ikaingia vizuri ajabu! Laptop inawaka kabla hujakaa. Nikaenda kurudisha sauti. Flashi tupu. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikaichomeka tena. Tupu! Nikatazama sumaku ukutani. Mzee wa watu nimemzika mara ya pili.

Alhamisi, 9 Mei
Mama mkwe kapiga simu. Chai haishuki bila sauti ya mzee. Lakini nimepata dawa! Nimejifungia stoo, leso mdomoni, nikarekodi upya. Nikasimulia alivyonunua baiskeli, alivyokwenda kuposa, nikakohoa palepale alipokuwa akikohoa. Mke wangu akagonga mlango, akauliza ni nani anakabwa humo. Wivu.

Ijumaa, 10 Mei
Nimemrudishia mama mkwe laptop kwake, mke wangu na mwanyumba wakiwepo. Kasikiliza ile ya baiskeli kidogo tu, akavua miwani. Akaniuliza kwa upole huyu mgonjwa ni nani. Nikatamani ardhi inimeze. Nikasema yote, mpaka sumaku. Machozi yakamlenga, nikashindwa kumtazama. Niliona aibu kwelikweli. Hapo mwanyumba akatoa flashi mfukoni. Eti alinakili kila kitu Jumatatu ileile, nilipokwenda kutafuta bisibisi. Hakuniamini! Mtu na mwanyumba wake! Akabonyeza. Sauti ya baba mkwe ikajaa sebuleni: leo fundi wetu, mkwe mdogo, amekuja kutengeneza pampu ya maji, jamani, ficheni bisibisi. Mama mkwe akacheka huku analia, akashika meza asianguke. Wakacheka wote. Hata mke wangu.

Jumamosi, 11 Mei
Sikulala kwa furaha. Marehemu ameniita fundi, tena mbele ya mashahidi! Mwanyumba hakutajwa hata mara moja. Nimezisikiliza zote kuhakikisha. Friji ya mama mkwe siku hizi inanguruma. Mwenyewe katoka, nimeshaichomoa kwenye umeme. Ajabu, bisibisi haionekani nyumba nzima. Si kitu. Nitatumia kisu cha mezani.