Rangi Mbili na Uso wa Yona

Jumatatu, 1 Julai 1996

Siku mbaya. Kioo nimekigeuza ukutani.

Mazoezi ya kwaya jioni. Mwalimu Anselmi, anayetufundisha nyimbo, katangaza kwamba video yetu inapigwa Jumamosi tarehe 20, Mikumi, twiga wakiwa nyuma yetu. Vigelegele! Mimi nilishangilia kuliko wote, maana wimbo mkubwa ni wa Yona, na Yona ni mimi. Sauti tulikwisharekodi Morogoro mwezi wa tano. Pale Yona anapolia tumboni mwa samaki, fundi mitambo alijifuta macho. Nilimwona mwenyewe.

Kumbe Mwalimu hajamaliza. Akasema mpiga picha kamwonya kuwa kamera za siku hizi zinasogea mpaka kope zinahesabika. Akanitazama. Akatazama sakafu. Uso wangu usipotulia kabla ya siku hiyo, atakayesimama mbele ni Lazaro. Lazaro atafumbua mdomo tu, sauti itakayosikika ni yangu. Mimi nitakuwa mstari wa tatu, nyuma ya Mama Raheli.

Nyuma ya Mama Raheli haonekani mtu. Hata nguzo ya kanisa haionekani.

Lazaro! Muuza mitumba! Tangu mitumba ifurike sokoni anavaa kama mgeni katika mji wake mwenyewe. Uso laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Sauti hana. Mwalimu humwomba aipunguze hata kabla hajaanza.

Nina miaka ishirini na nne. Chunusi ninazo tangu darasa la saba, na shuleni waliniita Kokoto. Sijawahi kuwekwa mbele ya kitu chochote. Na Mama keshawatangazia majirani wote, kuanzia kwetu mpaka stesheni, kwamba mwanawe Vitalis ataonekana kwenye televisheni. Inaniuma sana.

Jumanne, 2 Julai

Nimeomba ruhusa kwa Mjomba, nikaacha mashine ya kusaga, nikaenda hospitali. Daktari alinitazama kwa muda mfupi usio na heshima. Nimeandikiwa rangi mbili, vile vidonge vyenye unga ndani. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Nesi Katarina akanipa masharti kushinda ya mganga wa kienyeji. Nile kwanza. Nimeze kwa maji mengi. Nisijilaze hapo hapo. Nisichanganye na maziwa. Nikae mbali na jua, maana mtu anayetumia dawa hii huungua upesi. Na nisitegemee kuona tofauti kabla ya miezi miwili.

Miezi miwili! Nikamweleza habari za twiga. Akasema twiga hawahusiki.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Darasa la nne tulifundishwa kuwa vibarua wakiongezwa shambani, siku za kulima zinapungua. Hakuna sababu vidonge viwe tofauti. Kuanzia kesho nameza mara mbili ya nilivyoandikiwa.

Alhamisi, 4 Julai

Nimemeza kabla sijala. Nia ilikuwa dawa isikutane na ugali njiani, ifike usoni mapema.

Tumbo! Nimeanguka juu ya gunia la mahindi ya mteja. Mjomba kadai nimekunywa gongo. Nimekana kwa heshima zote, nikiwa bado nimelala juu ya gunia.

Mama kasema dawa kali hupozwa kwa maziwa. Amekulia kambi ya mkonge, amewaona wagonjwa wengi. Sharti la nesi nililikumbuka, ila nesi haishi na tumbo langu. Namayiana, mama wa Kimasai anayepitisha maziwa asubuhi pale mashineni, kanijazia kikombe. Tumbo limenyamaza. Mpango mzuri. Nitaendelea nao.

Jumapili, 7 Julai

Uso uko vile vile. Moja mpya imeota puani, katikati kabisa, kama imepimwa.

Jana nilijiuliza kwa nini dawa izungukie tumboni. Kila mtu anajua kidonda hunyunyiziwa unga wa rangi mbili, na chunusi ni nini kama si vidonda vidogo? Nikafungua vidonge, nikachanganya unga na mafuta ya mgando, nikajipaka. Kuoga leo asubuhi, rangi haitoki. Njano! Sabuni haikufua dafu, wala majivu.

Kanisani nilikaa benchi la nyuma. Benchi likahama. Mama Raheli akaniuliza kwa sauti yake ile kama macho nayo yamegeuka manjano, au ni uso tu. Mchungaji akaombea wagonjwa huku ananiangalia mimi. Maombi marefu. Lazaro akanipa leso. Nilikataa. Baadaye niliipokea, kwa kuwa jasho la njano lilikuwa linafika kwenye kola.

Jumatano, 10 Julai

Nesi Katarina kaleta mahindi kusaga. Kanikuta na kikombe cha maziwa mkononi na vidonge mdomoni. Hakuna mahali pa kujificha kwenye mashine ya kusaga, nimejaribu.

Kasema maziwa yanaishika dawa huko huko tumboni. Haifiki kwenye ngozi, inapita tu na kutoka. Maana yake juma zima sijatibiwa mimi. Yametibiwa maziwa ya Namayiana, nayo hayakuwa na chunusi. Akaniuliza nameza vingapi. Nikapunguza idadi. Hata hiyo niliyopunguza ilimfanya akae kwenye mizani. Akasema niache ujanja, nifuate dozi, nikiongeza nitajiharibu. Nikasema nimekuelewa, Dada. Shikamoo pia nilitoa, ingawa tulikwishasalimiana.

Alipoondoka nilikwenda duka la dawa baridi kujaza pengo. Zamani tungepanga foleni na cheti mkononi. Siku hizi muuzaji hata haulizi unaumwa nini. Huo ndio uzuri wa biashara huria.

Jumatatu, 15 Julai

Mazoezi. Mwalimu kaniangalia, katikisa kichwa, kamwomba Lazaro ajifunze kufumbua mdomo pale kwenye kilio. Lazaro kafumbua kama mtu anayepiga miayo. Hicho ni kilio changu! Nilikitunga siku tuliyotoka kumzika baba. Sikumwambia mtu hilo, naandika hapa tu.

Sasa hatua ya mwisho. Pilipili ikianikwa inakauka. Samaki vile vile, hata matobolwa, vile viazi vya kukausha. Chunusi ni majimaji. Mchana nilipanda juu ya bati la stoo ya Mjomba, nikalala chali, uso juu. Sharti la jua nililipima tena. Nadhani Nesi aliwalenga akina dada, ambao wanaogopa kuwa weusi.

Nilihisi joto. Nikajua dawa inafanya kazi.

Jumanne, 16 Julai

Siwezi kucheka. Siwezi kutafuna. Uso umevimba, umewiva, unauma hata nzi akipita bila kutua. Mama aliponiona alidhani mashine imelipuka, akakimbia kumwangalia Mjomba.

Nesi Katarina kaletwa nyumbani. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Kanipaka kitu cha baridi, kachukua vidonge vyote, kamkabidhi Mama. Atakuwa ananipa Mama, kimoja asubuhi, kimoja jioni, kwa maji, nikishakula, kama mtoto.

Jumamosi, 20 Julai

Mikumi.

Tulisafiri kwa lori tangu alfajiri, tumesimama, tukipita kijiji cha Ulaya na vumbi lake lote. Mimi nilijifunga kitenge cha Mama usoni. Kila tuliposimama watu waliwapa pole wenzangu kwa kusafiri na mgonjwa.

Twiga hawakuwepo. Getini walitaka kiingilio cha kila kichwa, na sisi tuko wengi, hivyo mpiga picha kapata uwanda nje ya hifadhi. Twiga mmoja alionekana mbali, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Wakapita ng'ombe wa mzee mmoja aitwaye Sapit. Mpiga picha akasema ng'ombe nao ni viumbe vya Mungu.

Mwalimu Anselmi akanivuta pembeni. Kitenge kikafunuliwa. Ngozi ilikuwa inabanduka vipande vipande. Akaniambia pole, mwanangu, na akamaanisha.

Lakini Lazaro akashindwa! Kanda inaimba, mdomo umefungwa. Kanda inanyamaza, mdomo wazi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mwishowe Mwalimu akaniomba nisimame nyuma ya kamera, niimbe kimyakimya, Lazaro aufuate mdomo wangu.

Nikakubali haraka mno. Nilishapanga. Pale kwenye kilio, nitapiga miayo. Nitaguguna mahindi ya hewa. Lazaro ataguguna naye, na mkoa mzima utamwona!

Spika zikafunguliwa. Sauti yangu ikatoka, ikaenda juu ya ule uwanda mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Sikuwahi kuisikia kwa ukubwa ule. Nilipofika kwenye kilio nikasahau kuguguna. Niliimba. Niliimba kama siku ya baba, machozi yakapita kwenye ngozi mbichi yakachoma. Lazaro alinifuata neno kwa neno, na yeye akalia, nadhani kwa kunifuata tu.

Mpiga picha akasema safi sana, imeingia yote.

Jumapili, 1 Septemba 1996

Sikuandika muda mrefu. Leo video imeoneshwa ukumbi wa parokia, kwa televisheni ya mfadhili na jenereta. Watu walijaa hadi madirishani. Mama alikaa mbele, kavaa kitenge kile kile.

Ikafika Yona. Lazaro akaja karibu mpaka kope zikahesabika, machozi yakimtiririka. Ukumbi mzima ukaguna. Kina dada wakaanza kumpiga Lazaro mabegani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jenereta.

Mama akasimama. Macho yake si mazuri, masikio ni mazima. Akaisogelea televisheni, akamtazama Lazaro, akainamisha sikio, akamtazama tena. Akauliza, watu wote wakisikia: "Jamani, mbona huyu Lazaro anatumia sauti ya mwanangu?"

Watu wakacheka. Lazaro hakucheka. Aliinuka kwenye kiti chake, akampisha Mama akae, akasema ni kweli, Mama, shikamoo, sauti ni ya Vitalis. Watu wakageuka kusikiliza. Kilio kikaisha kikiwa kinasikika vizuri. Nikashukuru kwamba jenereta lina kelele, maana mimi mwenyewe nilikuwa na sauti nyingine kooni.

Mwalimu Anselmi akanitafuta gizani na tochi. Akanimulika. Akanimulika tena, shavu hili, shavu lile. Akauliza nimepaka nini. Hakuna kitu! Uso wangu ni msafi! Miezi miwili imetimia, nami sikuangalia kioo tangu Julai. Mama hakusema, alidhani najua. Mwalimu kaahidi mbele ya watu kwamba kanda ya pili, mwezi wa kumi na moja, Yona ni Yona mwenyewe.

Jumatano, 4 Septemba 1996

Nimefikiri sana kilichoniponya. Ni jua. Ngozi mbaya ilibanduka yote, mpya ikaota. Na maziwa yaliandaa njia. Hizo siku za kimoja asubuhi, kimoja jioni, kwa maji, zimenipotezea muda tu.

Nesi Katarina kapita mashineni kusema nisiache dozi mpaka aniambie yeye. Nimemwambia nimekuelewa, Dada.

Jioni kaja Lazaro. Kaota chunusi kidevuni, kubwa, na ana aibu nayo. Baada ya alichomfanyia Mama siku ile, sikuweza kumwacha hivi hivi. Nimevichukua kwa Mama vidonge vyangu vyote vilivyobaki, nikampa. Nimemweleza njia kwa moyo mweupe kabisa: ameze vingi, kabla hajala, ashushie maziwa ya Namayiana, kisha apande juu ya bati saa sita mchana. Kanishukuru mpaka nikaona haya. Nimeanza kumpenda yule kijana.

Nilipokuwa nanawa nimegusa kitu kigumu, pembeni ya pua. Mbu, bila shaka. Hata hivyo kesho nitamsindikiza Lazaro huko juu, nikikaushe mapema.