Mtego Niliowategea Umoja wa Walinzi wa Kompyuta

Jumatatu, 3 Machi

Tumekubaliwa! Kampuni yangu ya kulinda kompyuta sasa imo katika umoja wa kampuni ndogo za ukanda mzima. Wafanyakazi: mimi na dada. Ofisi: chumba juu ya duka la vioo. Mwenyekiti, mama mpole wanayemwita Bi Kufuli, amepiga simu kuuliza tunahitaji msaada gani. Nimemjibu hatuhitaji kitu, sisi ni watu wa kutoa. Dada akaninyang'anya simu, akaomba ushauri, na jioni hiyohiyo akahifadhi nakala za mafaili ya wateja mahali pa mbali. Woga mtupu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umeiva. Wanachama wote watapata barua pepe ya uongo. Atakayebonyeza kiungo ataambiwa amenaswa, apige namba yangu. Waaibike kidogo, kisha niwaokoe. Hasa Miwani, jirani yangu wa mtaa wa pili, anayenichukulia wateja kwa hila ya kufanya kazi vizuri. Dada amesema nisithubutu. Nimepakua programu ya bure ya kutuma barua nyingi. Nimethubutu.

Jumatano, 5 Machi

Hakuna aliyenaswa. Miwani alitahadharisha wenzake kabla chai yake haijapoa.

Balaa limeangukia kwingine. Programu ile ya bure ilikuwa na kirusi. Kimetoka kwenye kompyuta yangu, kikaingia kliniki ya wajawazito tunayoilinda, kikafunga mafaili yote. Muuguzi mkuu akanipigia.

“Nina mama hapa ana uchungu, na ana mzio wa dawa fulani. Dawa gani? Faili halifunguki.”

Nilitaka kuzima simu. Dada alimpigia Bi Kufuli.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike kama ilivyokuwa. Miwani alifika kliniki jana kabla yangu, amekumbatia kompyuta safi kutoka ofisini kwake. Kwa nakala za dada akafungua faili la yule mama kwanza, muuguzi akasoma jina la dawa, akakimbia. Kisha wakaja wanachama wengine, baba na binti yake kutoka mji jirani, wakakata mawasiliano ya kila mashine. Mtaalamu wa ng'ambo ya mpaka akamfukuza yule mdudu kwa maelekezo ya simu. Bi Kufuli aligawa kazi kama anayepakua chakula, bila kelele. Mtoto amezaliwa salama. Wa kike.

Nilipoanza kujieleza, Bi Kufuli akanikatiza.

“Mdogo wangu, sote tumewahi kuvamiwa. Ndiyo maana tukaungana. Shika waya huo.”

Nikaushika. Sijawahi kuona watu wa namna hii. Hata Miwani, lazima nikiri, ana mikono ya daktari.

Ijumaa, 7 Machi

Kumbe walijua tangu mwanzo kuwa barua ni yangu: namba ya simu. Bi Kufuli ameisifu. Anataka niwaandikie nyingine za kuwafunzia wateja, kwa ruhusa yao. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, 8 Machi

Umoja huu unastahili mlinzi wa siri. Jumatatu nitaingia ofisini kwa Miwani nikijifanya fundi umeme, nione kama watanizuia. Nimepata ovaroli. Dada asijue; ameiona, nikamwambia ni ya kupaka rangi.

Miwani amepiga simu sasa hivi. Anauliza kama fundi wa Jumatatu atakuja na ngazi yake au aandaliwe.

Nimemwambia aandaliwe.