Wadudu Wekundu wa Wannes

Wannes De Clippel, mchuuzi wa dawa na wadudu wa bustani, aliona mara moja kwamba mtaa ule ulikuwa ukimsubiri yeye. Nyumba tisa, mawaridi kwenye kila uzio, vidukari wanaofyonza majani tele, na Jumamosi majaji wa mashindano ya bustani za mji wa Wetteren, Ubelgiji, wanapita. Majirani walisalimiana kwa tabasamu huku kila mmoja akiombea waridi la mwenzake likauke.

Jumatatu akawauzia wadudu wekundu wenye madoa meusi, walaji hodari wa vidukari. Jumatano akarudi na dawa.

"Wadudu peke yao hawatoshi, bwana. Piga dawa, vita iwe pande mbili!"

Mtu anayeijua kazi hii hupiga dawa kwanza, husubiri iishe nguvu, ndipo akaachia wadudu. Wannes alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana aligeuza utaratibu. Dawa ikawafyeka wadudu walinzi pamoja na vidukari, naye akaonya kwa huzuni kubwa kwamba vidukari watarudi kabla ya majaji. Akapokea mapema malipo ya wadudu wapya wa Ijumaa. Baada ya hapo ni Hispania, miguu juu, ufukweni.

Ijumaa akafungua gari. Maboksi yalikuwa yameshinda juani tangu jana. Hakubaki mdudu hata mmoja hai. Majirani wanane walikuwa madirishani, na madirisha ya mtaa ule hayana mapazia.

"Ingia, mwanangu," akaita Bibi Godelieve wa namba tisa, mjane ambaye hakununua kitu. Akammiminia kahawa, akampa biskuti moja, akafunga mkebe wa biskuti. Kisha akatoa mkebe wa pili kwenye friji. Ndani walilala wadudu wekundu kwa mamia.

"Hawa ndio waliosalia; walikimbia dawa yako, wakaja kwenye magugu yangu. Vidukari wamejaa kule, sipigi kitu. Nawaokota alfajiri, baridi ikiwa imewalegeza."

"Bei gani, bibi?"

"Pesa zote ulizochukua mtaani."

"Bibi! Huo si wizi?"

"Wewe ndiye fundi, niambie."

Wannes akachungulia nje. Mzee Odilon wa namba tatu alikuwa ameshika jembe. Akalipa zote, roho ikimuuma kwelikweli.

Akaufungua mkebe katikati ya mtaa, jua likiwaka. Wadudu wakaota jua kidogo, wakajinyoosha, wakainuka wote pamoja. Chakula kilikuwa kimebaki mahali pamoja tu. Wakapita juu ya kofia ya Wannes hadi uani kwa Bibi Godelieve.

Mageti manane yakafunguka kwa mpigo.

"Wamefika salama, mwanangu!" bibi akapaza sauti. "Nikuokotee tena kesho, au una haraka?"