Mishale ya Marehemu Kazimir

Gerrit Postma alimwona Daktari Kuiper akipangusa mishale yake kwa kitambaa cha miwani, na papo hapo akajua kwamba Mungu hajamsahau. Mtu anayepangusa mshale wa kaboni taratibu namna ile, huku akiupulizia pumzi, ni mtu anayeuogopa. Na woga ukikutana na pesa ndani ya koti moja, hapo ndipo ilipo riziki ya Gerrit.

Ukumbi wa kulengea shabaha uko nyuma ya duka la matairi, upande wa magharibi wa mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan. Theluji ikishaanguka, wenye pinde wote hujazana humo Jumamosi asubuhi, wanakula donati na kusimuliana habari za kulungu waliowakosa. Wana ada moja ambayo hakuna anayethubutu kuivunja. Kabla ya kupachika mshale kwenye ugwe wa upinde, ile kamba yake, unaushika huku na huku, unaukunja kidogo karibu na sikio, unauzungusha, unaukunja tena. Ukisikia mlio wa kukatika, hata mdogo, mshale huo basi tena, kwa sababu kaboni yenye ufa huvunjika unapoachia ugwe na vibanzi vyake vinaingia mkononi. Ukutani pana picha ya mkono wa namna hiyo. Hakuna aliyewahi kuitazama mara mbili.

Gerrit alikuwa na sikio linalosifika ukumbi mzima. Mfukoni alikuwa na kidude cha bati cha kuchezea watoto, kile ambacho ukikibonyeza kinalia ta.

"Daktari, samahani kwa kukuingilia," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuja kutoa rambirambi. "Hebu nipe huo niusikilize."

Akatia mkono mfukoni, akautoa na kidude kiganjani, akaukunja mshale karibu na sikio la daktari. Ta.

Daktari Kuiper, ambaye kazi yake ni kung'oa watu meno bila kupepesa jicho, alirudi nyuma akajigonga kwenye meza ya kahawa. Akatoa mwingine. Ta. Akatoa mwingine tena, huku jasho likimtoka, na sikio la Gerrit halikumwonea huruma. Kufika wakati wa chakula cha mchana podo la daktari lilikuwa tupu, na Gerrit alikuwa amejitolea kuichukua mishale yote akaitupe mwenyewe, isije ikamdhuru mtoto wa mtu. Alimuuzia na chupa ya dawa ya kutunzia mishale mipya, yaani sabuni ya vyombo na maji ya bomba, imetiwa rangi ya buluu ili ionekane imesoma. Ile mishale aliipangusa kwa spiriti, akaibandika manyoya mapya, akaenda kuiuza mji mwingine, Kalamazoo.

Ni kazi safi, ukiitazama vizuri. Haihitaji bastola wala ngazi wala mbio. Inataka uso wa huruma tu, na huo Gerrit alizaliwa nao.

Alikuwa na kitu kimoja cha halali duniani, upinde wake. Aliununua kwa jasho lake enzi zile alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha viti, na kwa upinde huo alikuwa amefuzu kwenda mashindano ya jimbo bila hila yoyote, jambo lililomshangaza hata yeye. Alikuwa akiulaza kwenye kiti cha abiria na kuufunga mkanda. Tusimcheke, kila mwizi ana pahali anapoweka heshima yake.

Jumamosi iliyofuata akaja Leokadia Nowicki, mjane wa Kazimir. Sasa, Kazimir Nowicki alikuwa fundi wa mishale ambaye watu wa Michigan wakimtaja huvua kofia. Alitengeneza michache, kila mmoja akauzungushia uzi mwekundu na mweupe karibu na manyoya, kisha akafa. Kulikuwa na mzee mmoja huko Lansing aliyekuwa tayari kuuza shamba apate dazeni yake. Na huyu hapa mjane, amevaa koti la manyoya lililokula chumvi nyingi, ameshika dazeni kamili ndani ya taulo.

"Mwanangu Gerrit," alisema kwa sauti ya kusikika hadi dukani kwenye matairi. "Nataka kulenga na mishale ya marehemu, lakini naogopa. Nisikilizie wewe mwenye sikio."

Mate yalimjaa Gerrit mdomoni. Ukumbi mzima ulisogea. Akaukunja wa kwanza, ta, akatikisa kichwa. Akaukunja wa pili, ta. Aliendelea hivyo hadi wa mwisho, na uso wake ulizidi kuhuzunika kiasi kwamba mtu mmoja alimletea kiti.

"Mama, sina namna ya kulisema hili kwa upole. Yote imepasuka. Niachie mimi nikaizike."

Leokadia alilia kidogo kwenye taulo. Kisha akasema kwamba hawezi kutoa vitu vya marehemu bure, maana Kazimir angemjia usingizini na alikuwa na mdomo mchafu. Alitaka apewe kitu ambacho Gerrit mwenyewe anakipenda, ili wawe sawa.

"Kama huo upinde," alisema.

Gerrit aliutazama upinde wake. Moyo ulimuuma, hilo lazima lisemwe. Lakini akaliwaza shamba la Lansing, akaona kwamba pesa yake itanunua pinde tatu kama ule na mkanda wa kila mmoja. Akamkabidhi mjane upinde kwa mikono miwili. Watu walipiga makofi. Daktari Kuiper alisema hajaona moyo kama ule tangu azaliwe, mtu kutoa upinde wake kwa mishale mibovu.

Nyumbani alijaza sinki maji ya uvuguvugu, akatia sabuni, akaanza kuiosha mishale mmoja mmoja ili mzee wa Lansing aikute inang'aa. Maji yakageuka meusi. Gerrit akanusa vidole vyake. Ilikuwa dawa ya viatu.

Akachukua pamba, akaipitisha juu ya mshale wa kwanza kama anavyofanya mtu anayetafuta ufa, na pamba ikanasa nyuzi zake. Ikanasa na kwenye wa pili. Akaukunja wa tatu karibu na sikio, safari hii mikono yote miwili ikiwa wazi, na ukalia wenyewe, vizuri kabisa, bila msaada. Ilikuwa mishale ya pipa la taka la pale ukumbini, imezibwa nyufa na kuzungushiwa uzi mwekundu na mweupe. Msimu mzima Gerrit alikuwa amewakunjia watu mishale, na hakuwahi kusikiliza hata mmoja, kwa sababu kelele aliipiga mwenyewe.

Alirudi ukumbini akiendesha gari kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Leokadia alikuwa amesimama kwenye mstari na upinde ule, akipiga katikati ya duara mshale baada ya mshale. Gerrit akapita mbele yake, akamwinulia furushi la mishale.

"Mishale hii imepasuka!"

Watu wakatazamana.

"Lakini Gerrit," alisema Daktari Kuiper kwa upole, "si wewe uliyetuambia? Tumekusikia wote."

Gerrit alilishusha furushi. Mjane akamsogelea, akamwekea mkono begani kama mama anayemtuliza mwanawe, akamnong'oneza.

"Marehemu mume wangu mlio huo aliutoa kwa kifuniko cha chupa ya jamu. Alikuwa hodari kuliko wewe, hakuweka mkono mfukoni. Sema, mwanangu. Waambie hukusikia kitu."

Gerrit aliutazama ukumbi. Aliwaona wale wote ambao mishale yao aliipeleka Kalamazoo, wakimngoja kwa upendo.

"Nimeisikiliza tena nyumbani," alisema hatimaye. "Ni kweli imepasuka. Nilitaka tu kumhakikishia mama."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kweli ndani ya ukumbi ule, na ilimpotezea upinde na mashindano ya jimbo. Walimpigia makofi tena.

"Asante kwa kuhakikisha," Leokadia alisema, akiuinua upinde. "Sasa sogea, mwanangu, umenizibia shabaha."