Shikamoo Tisa na Kilo Sitini

Leo nimepata aibu ambayo sijui niiweke wapi. Tena si ile aibu ya kujikwaa barabarani, ukaangalia kushoto na kulia, ukajipangusa, ukaendelea na safari. Hii imeshuhudiwa na akina mama wanane wa kanisa letu, bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni, mchungaji, na kocha aliyepanda basi kutoka Tanga alfajiri ili aje kunitazama mimi tu. Na kuna video.

Nawaeleza mwenyewe kwa sababu habari zitawafikia tu, na zikifika bila mimi zitakuwa zimeongezwa chumvi.

Kwa ambao hamnijui: nina miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, naishi na bibi yangu, Bibi Damari, huku Shume milimani. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka miwili. Tunalima viazi na kabichi. Shamba letu liko bondeni, barabara iko juu, kwa hiyo tangu nipate nguvu za kubeba, kila kiazi tulichouza kimepanda mlima mgongoni kwangu. (Mnaoniita Trekta, nawaona.) Mwezi uliopita binamu yangu alinirekodi nikipandisha gunia, akairusha mtandaoni. Ikazunguka mpaka ikamfikia Kocha Sufiani, mzee anayefundisha wasichana kunyanyua vyuma kule Tanga. Akapiga simu. Akasema ana nafasi moja kwenye timu yake, mwaka mzima wa mazoezi, kula na kulala juu yao, kisha mashindano. Akasema wapo wasichana ambao hiyo ndiyo kazi yao ya maisha.

Mimi sikuwahi kujua kwamba kubeba kunaweza kuwa kitu cha kujivunia. Nilijua ni kitu cha kufanya viazi vifike barabarani. Tangu simu ile sijawaza kingine.

Sasa kuna fomu. Sijafika miaka kumi na nane, lazima mlezi asaini, na mlezi wangu alikuwa hataki. Bibi hagombi. Bibi akikataa jambo anakaa kimya na kuendelea kumenya viazi. Ila siku moja alinieleza sababu. Alishawahi kumwona dada mmoja akinyanyua vyuma kwenye televisheni ya jirani. Dada akatoka, akapiga ukelele, akanyanyua, akaweka chini, akaondoka zake.

"Hakumwamkia mtu hata mmoja," Bibi alisema. "Na wale wazee walikuwa wamekaa pale pale mbele yake."

"Wale ni majaji, Bibi."

"Majaji hawana umri?"

Wengi mngedhani Bibi anaogopa nitaota mabega ya mwanaume. Hapana. Anaogopa nitaenda kwa watu nisiowajua na nitarudi sijui kusalimia, na kwake mtu asiyejua kusalimia amekwisha. Amenilea hivyo. Nyumbani kwetu msichana haamkii mtu mzima akiwa amesimama wima. Unakunja magoti yote mawili, unashuka, unasema shikamoo, unakaa chini hapo hapo mpaka uitikiwe, ndipo unainuka. Na kila mtu mzima ana shikamoo yake. Hakuna kuwakusanya watu kumi ukawapa moja wagawane.

Hatimaye Bibi akasema kocha aje, yeye mwenyewe amwone kwa macho yake, kisha ataamua. Ndiyo ikawa leo.

Asubuhi nikafagia uwanja nyuma ya ghala la viazi. Nikavaa suruali ya mazoezi. Bibi akanitazama, akaniletea kanga, akanifunga mwenyewe kiunoni juu ya suruali. Sikubisha. Siku ya kuomba ruhusa si siku ya kubishana kuhusu kanga.

Kocha akafika saa tano na bodaboda, anatetemeka. Mtu wa Tanga amekuja Shume na fulana ya mikono mifupi. Kulikuwa na ukungu mpaka mlangoni. Bibi alimhurumia, akaingia ndani, akatoka na sweta lake la kanisani, la zambarau, lenye vifungo vya kung'aa. Kocha akalivaa na hakulivua tena. (Kila nitakachowasimulia kuanzia hapa, mzee wa watu yuko ndani ya sweta la zambarau la bibi yangu.)

Kwa kuwa vyuma havipandishiki kwenye basi, tulitumia bomba la chuma na viroba viwili vya viazi, kimoja kila upande, vimefungwa kwa kamba. Tulivipima kwenye mzani wa ghalani. Jumla kilo sitini. Bomba likalazwa juu ya nguzo mbili zenye panda.

Kocha akanipa maelekezo. Niingie chini ya bomba, nilibebe mabegani, nirudi nyuma hatua mbili, nisimame. Kisha nitulie.

"Nguvu zako nimeziona kwenye video," akasema. "Leo natazama utulivu. Utasimama mpaka niseme chini. Nikisema, unashuka mara moja, unapanda. Kabla sijasema, usitikisike. Kwenye mashindano ukishuka kabla ya ishara, umeharibu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, kocha."

"Mara moja tu."

"Mara moja tu."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ukuta wa ghala, mikono mapajani. Fomu ilikuwa kwenye begi la kocha, nimeiona pembe yake. Nikaingia chini ya bomba, nikabeba, nikarudi nyuma hatua mbili. Mzigo ukakaa vizuri kabisa. Nilikuwa na furaha. Nilisema moyoni, hii ninaiweza hata nikiwa nasinzia.

Kocha akashika simu yake, akaanza kunirekodi, akazunguka upande ili aone mgongo wangu.

Leo Jumamosi. Jumamosi akina mama hufanya usafi kanisani. Na njia ya kutoka kanisani inapita wapi? Inapita pembeni ya ghala letu, hatua tatu kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Nayo ni njia ya mlimani, haitoshi watu wawili sambamba, lazima wapite mmoja mmoja.

Wa kwanza alitokeza Mama Shehoza, kiongozi wao, na ndoo na fagio.

Naapa sikufikiri. Magoti yalifikiri yenyewe.

"Shikamoo mama." Nikashuka mpaka chini.

"Marahaba mwanangu."

Nikainuka.

"Sijasema," kocha akasema kwa upole.

Nikafungua mdomo niombe radhi, mama wa pili akatokeza. Nikashuka. "Shikamoo mama." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." Nikainuka. Wa tatu. Nikashuka.

"Sijasema!" Sasa kocha hakuwa na upole.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikurudisha bomba kwenye nguzo. Ningerudisha saa ngapi? Nikigeuka nimempa mama mtu mgongo. Nikinyamaza, Bibi yuko pale ukutani anatazama, na hilo ndilo hasa aliloniogopea. Nikishuka, kocha anatazama, naye ameniambia nisitikisike. Nilikuwa katikati ya wazee wawili, kila mmoja ameshika nusu ya maisha yangu, na mama wa nne alikuwa anakuja.

Wa nne alitaka habari. Nipo chini nimechuchumaa na kilo sitini, yeye ananiuliza kama miche ya kabichi imeshika. Nikamwambia imeshika. Akauliza na mvua je. Nikamwambia mvua tunashukuru. Ndipo akaitikia.

Wa tano, wa sita, wa saba. Mapaja yalianza kuwaka. Kocha aliacha kusema "sijasema". Nilimsikia ananong'ona namba.

Wa nane nilipanda huku nimefumba macho. Nilipofumbua, njia ilikuwa tupu, wote wanane wamesimama mbele kidogo wananitazama. Nikahema. Nikadhani yameisha.

Kisha akatokea Bibi Naomi.

Bibi Naomi ni rika la bibi yangu, labda amemzidi. Hakutoka kwenye usafi, alitoka kuokota kuni msituni, ana mzigo kichwani. Nikashuka kwa mara ya tisa. "Shikamoo bibi."

Hakuitikia.

Alinitazama. Akaona nimebeba mzigo na bado nimeshuka kumwamkia. Na Bibi Naomi ni mtu wa zamani, hawezi kuipokea salamu ya namna hiyo akiwa na kuni kichwani. Kwa hiyo akaamua kutua mzigo kwanza. Taratibu. Akasogea pembeni ya njia. Akatafuta mahali pakavu. Akaushika mzigo mkono wa kulia, akaushika wa kushoto. Akautua. Akafungua kata iliyokuwa chini ya mzigo, akaikung'uta. Akajipangusa majani mabegani. Akarekebisha kilemba.

Mimi niko chini. Miguu inatetemeka mpaka viazi vinasikika kwenye kiroba. Jasho linaingia machoni. Nasema kimoyomoyo, bibi, niitikie, nakufa.

Akanyoosha mikono yote miwili kwangu, uso umejaa furaha. "Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba sana."

Nikajaribu kuinuka. Hakuna kilichoinuka.

Nilikaa. Sikuanguka kwa kishindo, nilikaa tu, polepole, kwenye tope, kama mtu aliyechoka kusubiri gari. Bomba likateleza nyuma ya mgongo. Kiroba cha kulia kikapasuka. Kanga ikafunguka, ikabaki chini yangu. Viazi vikaanza safari ya bondeni, na akina mama wanane wakavikimbilia na ndoo zao, huku wanacheka, mmoja ameshika ubavu. Hapo hapo mchungaji alikuwa anapanda njia. Kiazi kikamgonga kiatu. Akakiokota, akainua macho, akanikuta.

"Shikamoo mchungaji," nikasema, nimekaa kwenye tope. Hiyo ya kumi sikuihesabu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akanitazama, akatazama bomba, akamtazama mwanaume aliyevaa sweta la zambarau. Hakuuliza.

Kocha akazima simu. Akaja mpaka nilipo.

"Nilisema mara moja," akasema. "Umeshuka mara tisa, na hata moja sikuiagiza. Kwenye mashindano ungetolewa nje."

Ndipo nikalia. Nawaambia ukweli kwa sababu nimeshaaibika vya kutosha, hakuna cha kuficha. Nililia kama mtoto. Nilijua nimekosa Tanga, na kwamba Jumatatu nitashuka bondeni kuchukua gunia, na Jumanne, na miaka yote.

Bibi akanyanyuka kwenye kigoda. Akaja, akaokota kanga yangu, akaikung'uta, akanifunga tena kiunoni nikiwa bado nimekaa. Akanifuta tope usoni kwa upindo wa kanga yake mwenyewe. Kisha akamgeukia kocha.

"Huko Tanga, akiwa amebeba hivyo vyuma, watu wazima watakuwa mbele yake?"

"Watakuwepo, bibi. Majaji wanakaa mbele."

"Na hataruhusiwa kuwaamkia?"

"Akishaweka vyuma chini, ataruhusiwa. Akiwa amebeba, hapana."

Bibi akafikiri. Akina mama wamerudi na viazi kwenye ndoo, wote wanasikiliza.

"Basi mfundishe hilo," Bibi akasema. "La kuamkia usihangaike nalo. Hilo analo, hata ukimpa mlima abebe."

Kocha akatazama bomba lililolala topeni. Kisha akasema amefundisha wasichana miaka mingi, na wanaoweza kushuka mara tisa na uzito ule, mara nyingine wakikaa huko huko chini kupiga soga kuhusu kabichi, anawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Akafungua begi, akatoa fomu.

Bibi aliishia darasa la nne. Aliandika jina lake herufi moja moja, ulimi umetoka pembeni, Mama Shehoza amemshikia fomu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilipoiona herufi ya mwisho nilishindwa kusema asante. Nilimshika tu mguu.

Baadaye, kocha ameshaondoka (na sweta, Bibi alikataa alivue), tumekaa jikoni, Bibi ananikanda magoti kwa maji ya moto yenye chumvi. Nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua tangu simu ile ya kwanza.

"Nikienda, nani atakupandishia viazi?"

"Kabla hujazaliwa nani alikuwa anavipandisha?"

"Ulikuwa kijana, Bibi."

Akaendelea kukanda. "Nitapanda vichache," akasema. Kisha akahamia goti la pili, akalikanda mpaka maji yakapoa.

Naondoka mwisho wa mwezi. Nimefurahi na nina huzuni, vyote kwa pamoja, na sijui kimoja kinaanzia wapi.

Ila tafadhali msicheke. Kesho Jumapili, wale akina mama wote watakuwa wamejipanga mlangoni mwa kanisa, na mimi magoti hayakunjiki.